Majini Wasio na Majina: Juu ya Kuwachambua Wahusika wa Michezo ya Video

Imejengeka miongoni mwa baadhi ya walimu wetu wa fasihi fikra kwamba mchezo wa video ni kitu cha kupotezea wakati tu, na kwamba mwanafunzi anayeandika hadithi juu ya mhusika aliyemwona ndani ya mchezo huo hafanyi kazi yo yote ya fasihi. Daftari lake hunyang'anywa, naye huambiwa akasome riwaya. Miongoni mwa vijana nako imejengeka fikra nyingine, inayoonekana kuwa kinyume cha hiyo lakini yenye madhara yale yale: kwamba wahusika wa michezo hiyo ni wa kupendwa tu, wa kuigwa mavazi na kutungiwa visa vya ushujaa na mapenzi, wala hapana haja ya kuwahoji.

Makala haya yanazipinga fikra zote mbili. Tunashikilia kwamba mwandishi wa hadithi za mashabiki hana budi kuwa mhakiki kabla hajawa mtunzi, na kwamba asipokuwa mhakiki huwa tarishi wa kampuni iliyomwumba mhusika. Tunashikilia pia kwamba kwa wasemaji wa Kiswahili jambo hili si la anasa. Lugha yetu imekwisha kutiwa ndani ya michezo hiyo, tena katika vinywa vya viumbe wanaouawa kwa mamia bila kuulizwa majina yao.

I. Kazi ya kale yenye jina jipya

Hadithi ya shabiki ni ile ambayo mtu huitunga kwa kuwachukua wahusika wa kazi ya mwingine na kuyaendeleza maisha yao: huwapa siku za utoto ambazo kazi ya kwanza haikuzieleza, au huwapa mwisho mwingine, au humchukua mhusika aliyepita mlangoni mara moja akamfanya kuwa kiini cha kisa. Katika nchi za Magharibi utungaji wa namna hii ulipata nguvu wakati mashabiki wa tamthilia ya televisheni iitwayo Star Trek walipoanza kujichapishia majarida. La kwanza miongoni mwao, Spockanalia, lilitoka mwaka 1967. Tangu hapo umekua mno. Mwaka 2019 hazina kubwa ya hadithi hizo, Archive of Our Own, ilitunukiwa Tuzo ya Hugo, ambayo ni miongoni mwa tuzo mashuhuri za fasihi ya kubuni ya kisayansi na ya ajabu.

Hata hivyo, wanaodhani kwamba jambo hili ni la kigeni wanausahau ushairi wao wenyewe. Mshairi wa Kiswahili aliyetaka kuutahmisi utungo wa mwenzake aliichukua mishororo miwili ya yule wa kwanza, akaitangulizia mitatu yake, ukawa ubeti wa mishororo mitano. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate alifanya hivyo kwa utungo wa kale unaohusishwa na Fumo Liyongo, na kazi yake inajulikana mpaka leo kwa jina la Takhmisi ya Liyongo. Naye Muhammad Kijumwa wa Lamu, alipoutunga utenzi wake juu ya Liyongo mwaka 1913, hakumbuni shujaa huyo kutoka hewani. Alimpokea kutoka vinywani mwa watu waliomtangulia, akamtazama upya, akaamua ni lipi la kukuza na ni lipi la kuacha.

Yafaa tuyaangalie masharti ya takhmisi. Anayetahmisi hawezi kuongeza mishororo mitatu kabla hajaielewa miwili. Lazima ajue mwenzake anasema nini, kwa sauti gani, kwa nini, na ni neno gani limeachwa nusu. Asipojua, ubeti utakataa. Vina vitapatana lakini maana itagombana. Hapo ndipo tunapouona uhakiki ukiitangulia sanaa. Sharti hilo hilo linamhusu kijana anayeandika leo juu ya mhusika wa mchezo wa video.

II. Mhusika wa mchezo ni mhusika wa namna gani?

Walimu wengi humfundisha mwanafunzi kumchambua mhusika kwa njia tatu: yale anayoyasema, yale anayoyatenda, na yale wengine wanayoyasema juu yake. Kisha huulizwa kama mhusika huyo ni bapa au duara, yaani kama habadiliki au anakua kadiri kisa kinavyokwenda. Njia hizo ni nzuri, na katika mchezo wa video zinafaa pia. Lakini hazitoshi, kwa sababu mhusika wa mchezo ana jambo ambalo mhusika wa riwaya hana: matendo yake huongozwa na mkono wa mchezaji, na mkono huo hauwezi kutenda ila kile ambacho waundaji wameuruhusu.

Tulitafakari hilo. Msomaji wa riwaya hawezi kumzuia shujaa asiingie vitani, lakini hatakiwi yeye mwenyewe kushika upanga. Mchezaji hutakiwa. Vibonyezo alivyopewa ndivyo mipaka ya uhusiano wake na ulimwengu ule. Ikiwa kuna kibonyezo cha kupiga risasi, na hakuna cha kusalimu, basi uhusiano wa shujaa na watu anaokutana nao utakuwa wa risasi, hata kama maneno yake ni ya huruma. Kwa hiyo kwa zile njia tatu yafaa tuongeze maswali mawili: mhusika huyu ameruhusiwa kutenda nini? Na amenyimwa nini?

Swali la pili ndilo lenye uzito zaidi. Katika mchezo, kinachonyimwa hakionekani. Hakuna kurasa tupu za kumwonyesha msomaji kwamba kuna jambo limeachwa. Mchezaji hubonyeza, hushinda, husonga mbele, na pengo linabaki nyuma yake bila kuonekana. Mwandishi wa hadithi za mashabiki ndiye mtu aliye katika nafasi nzuri zaidi ya kuliona, kwa kuwa yeye hatafuti ushindi. Yeye hutafuta mahali pa kuanzia hadithi, na hadithi huanzia penye pengo.

III. Mfano wetu: Kijuju

Mwaka 2009 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa mchezo uitwao Resident Evil 5. Mchezo huu ni wa tano katika mfululizo mkuu ulioanza mwaka 1996, na ulinunuliwa kwa mamilioni duniani. Kisa chake kimewekwa mahali pa kubuni paitwapo Kijuju, katika Afrika Magharibi. Mmarekani aitwaye Chris Redfield, askari wa shirika la kupambana na silaha za kibiolojia, anafika hapo kumkamata mfanya biashara wa silaha hizo. Anapokewa na askari mwenzake Mwafrika, Sheva Alomar. Muda si muda wakazi wa mahali hapo wanageuka: wametiwa vimelea vinavyowanyang'anya akili na hiari, nao wanawashambulia wageni kwa mapanga na mashoka. Kuanzia hapo kazi ya mchezaji ni kuwaua.

Viumbe hao wanaitwa Majini. Neno ni letu. Na wanapopiga kelele na kuitana, lugha wanayoisema ni Kiswahili.

Msomaji asiharakishe kupita hapa. Kijuju imewekwa Afrika Magharibi, ambako Kiswahili si lugha ya wenyeji. Wakazi wa huko wana lugha zao, nyingi na zenye fasihi kubwa. Lakini kwa waundaji wa mchezo ilitosha kwamba lugha ni ya Afrika, kana kwamba bara zima ni kijiji kimoja chenye kisima kimoja. Kiswahili hakikuchukuliwa ili kiseme jambo. Kilichukuliwa ili kisikike kama tishio. Mchezaji wa Chicago au wa Osaka hatakiwi kukielewa. Anatakiwa akisikie nyuma ya ukuta, aelewe kwamba adui yu karibu, na atayarishe bunduki.

Picha za kwanza za mchezo huu zilipotolewa mwaka 2007, zikimwonyesha mzungu akiwapiga risasi watu weusi kijijini, palitokea mabishano makubwa. Mwandishi wa habari N'Gai Croal, aliyekuwa akiandikia jarida la Newsweek, alieleza mwaka 2008 kwamba picha za namna ile zina historia nyuma yake, na kwamba anayezitumia hawezi kujifanya haijui. Watetezi wakajibu kwamba mchezo uliotangulia, wa mwaka 2005, uliwafanya wanakijiji wa Hispania kuwa maadui vivyo hivyo, wala hapana aliyelalamika.

Jibu hilo lina sura ya haki lakini halina uzito wake. Mhispania aliyegeuzwa zimwi katika mchezo mmoja anao mamia ya Wahispania wengine katika riwaya, filamu na picha zinazouzwa dunia nzima: wapenzi, wafalme, wachoraji, wapumbavu, watakatifu. Zimwi moja halimmalizi. Kijana wa mbali ambaye hajawahi kusikia Kiswahili mahali pengine, na akakisikia kwa mara ya kwanza katika kinywa cha Jini mwenye panga, hana cha kuliweka pembeni ya zimwi hilo. Usawa wa matendo haufanyi usawa wa matokeo pale ambapo wahusika hawakuanza mahali pamoja.

Kuna jambo jingine linalotuhusu zaidi sisi wa pwani na bara. Katika ngoma ya pepo, jini anapompanda mtu, fundi hamkimbilii kwa rungu. Humwuliza: U nani? Umetoka wapi? Wataka nini? Jini hutaja jina lake na kudai chake, na maafikiano hutafutwa. Mtu anaweza kuiamini ngoma hiyo au asiiamini. Hilo si shauri la makala haya. Linalotuhusu ni kwamba katika desturi iliyolizaa neno lenyewe, hata jini ana jina na ana haja. Waundaji wa Kijuju walilichukua neno, wakaliacha swali.

IV. Sheva Alomar

Mashabiki wengi watasema: lakini yupo Sheva. Ni Mwafrika, ni hodari, ni mwanamke, na anasimama bega kwa bega na Chris. Ni kweli, na ndiyo maana anastahili kuchambuliwa kwa makini badala ya kupigiwa makofi.

Tukiyasoma maelezo ya maisha yake yaliyomo ndani ya mchezo, tunakuta kisa kizito. Wazazi wake walikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha kampuni ya kigeni ya Umbrella. Sheva alikuwa na umri wa miaka minane walipokufa katika kile kilichoitwa ajali. Alilelewa na mjomba wake kwa shida, akatoroka, akaokotwa na wapiganaji wa msituni, akakua miongoni mwao. Baadaye alielezwa ukweli: haikuwa ajali, bali kampuni ilikuwa imeijaribu silaha yake juu ya watu wa mji ule. Akashirikiana na Wamarekani dhidi ya kampuni hiyo, akapelekwa Marekani kusoma, mwishowe akaingia katika shirika alimo sasa.

Mwandishi ye yote wa riwaya angeona hapa vitabu vitatu. Tunaye mtoto wa wafanyakazi aliyeuawa wazazi na mwajiri wao; mpiganaji aliyeipinga serikali iliyoshirikiana na mwajiri huyo; na askari wa shirika la kimataifa anayerudi kuwapiga risasi watu wa bara lake, waliogeuzwa kuwa silaha kwa njia ile ile iliyowaua wazazi wake. Mgongano ulioje ndani ya moyo mmoja! Lakini mchezo unafanya nini na utajiri huo? Unauweka katika karatasi ambayo mchezaji anaweza kuisoma au kuiruka. Katika kisa chenyewe Sheva hupewa maneno machache ya uchungu, kisha tendo linalofuata ni lile lile la kabla ya uchungu. Kwa karatasi yake Sheva ni mhusika duara; kwa vibonyezo vyake amefanywa bapa.

Hata mavazi yanasema. Mchezaji anayefikia viwango fulani hufunguliwa mavazi ya ziada ya kuwavika wahusika. Moja la Chris liliitwa Safari. Moja la Sheva liliitwa la Kikabila, nalo linamwacha karibu uchi, kwa nguo ya madoa ya chui. Hapa tena neno letu limetumika, na limempamba mgeni. Huku mwanamke aliyesoma chuo kikuu na kufunzwa vita amerudishwa katika picha ya posta ya wakati wa ukoloni. Na mchezo wa sita ulipotoka mwaka 2012, Chris alikuwemo, Sheva hakuwemo.

V. Makosa matatu ya mashabiki

Hadithi zinazoendelezwa kutokana na wahusika wa aina hii huangukia mara kwa mara katika makosa matatu, na ni wajibu wetu kuyataja bila kuoneana haya.

Kosa la kwanza ni la kumwabudu shujaa. Mwandishi humchukua Chris kama alivyopewa, akamwongezea maadui na ushindi. Hapo hapana kilichotungwa. Mchezo umerudiwa tu kwa maneno, bila hata ule ujuzi wa vidole ambao mchezo wenyewe ungedai.

Kosa la pili ni la kumfanya Sheva kivuli. Anaandikwa kama mwenzi, mpenzi au mlinzi wa Chris, na hadithi inamkumbuka pale tu Chris anapomhitaji. Mwandishi anadhani anamheshimu kwa kumpa mapenzi, kumbe amemnyang'anya hata kile kidogo alichopewa na karatasi ile: wazazi, mjomba, msitu, na hasira.

Kosa la tatu ndilo kubwa, nalo linafanywa hata na wasemaji wa Kiswahili wenyewe. Majini wanaendelea kuwa kelele. Kijana anayezungumza Kiswahili nyumbani na shuleni, anayeelewa wanachokisema, anaandika hadithi ambamo wasemaji wa lugha yake wanaanguka kama mahindi, naye yuko upande wa bunduki. Hii ndiyo kasumba katika hali yake safi. Hakuna aliyemlazimisha. Amejifunza kusikia lugha ya mama yake kwa sikio la mtu mwingine.

Dawa ya makosa hayo imo ndani ya mchezo wenyewe, kwa anayejua kusoma. Kuna mahali mchezaji anapata shajara ya kijana wa kijijini. Kijana huyo anaeleza jinsi watu wa eneo la mafuta walivyofika wakasema wanatoa chanjo, na jinsi mambo yalivyogeuka kijijini baada ya sindano hizo. Katika kurasa hizo chache mmoja wa Majini anasema “mimi”. Alikuwa na jamaa, alikuwa na mashaka, aliona wenzake wakibadilika. Tena tunaelezwa kwamba watu wa Ndipaya, wanaotupwa mbele ya mchezaji na mikuki na vinyago, ni kizazi cha watu waliokuwa na mji mkubwa chini ya ardhi, wakafukuzwa na kampuni ya Umbrella katika miaka ya 1960 kwa sababu ya ua lililomea humo. Na kampuni iliyo nyuma ya maovu ya Kijuju, Tricell, imeelezwa kuwa ni muungano wa biashara tatu: ya meli, ya rasilimali za ardhi, na ya madawa. Waundaji wa mchezo walijua zaidi ya walivyoonyesha. Waliuweka ukweli kwenye makaratasi na risasi kwenye vibonyezo.

Mwandishi aliye mhakiki ataanza na shajara ile. Atauliza kijana huyu alikuwa nani kabla ya sindano. Nani alimwamsha asubuhi ile? Nani alikataa, na kwa nini hakusikilizwa? Ni nani kijijini aliyelipwa ili awashawishi wenzake? Hapa pia uhakiki unadai uangalifu. Katika nchi zetu chanjo za kweli zimeokoa watu wengi; ndui ilitokomezwa kwa chanjo, na mgonjwa wa mwisho aliyeipata kwa njia ya asili alikuwa Somalia mwaka 1977. Mwandishi asiyepima maneno anaweza kusambaza hofu ya sindano akidhani anapinga unyonyaji. Mwenye kupima ataonyesha kwamba ubaya wa Kijuju haukuwa katika sindano bali katika waliowaficha watu kilichokuwamo, na atawaacha wanakijiji waulize maswali ambayo watu wenye akili huuliza.

VI. Neno la Caliban

Wapo watakaosema kwamba hadithi ya shabiki haiwezi kubeba mzigo mkubwa hivyo. Tuwape mifano miwili.

Mwaka 1847 Charlotte Brontë wa Uingereza alitoa riwaya ya Jane Eyre. Ndani yake yumo mwanamke mwenye wazimu, aliyezaliwa katika visiwa vya Karibi, aliyefungiwa darini na mumewe. Husikika akicheka na kunguruma, hasemi. Mwaka 1966 Jean Rhys, aliyezaliwa mwenyewe katika kisiwa cha Dominica, alitoa riwaya ya Wide Sargasso Sea. Alimchukua mwanamke yule, akampa utoto, nyumba, na jina ambalo mumewe alimpokonya. Tangu hapo haiwezekani kuisoma ile riwaya ya kwanza kwa macho yale yale.

Mfano wa pili unatugusa karibu zaidi. Katika tamthilia ya Shakespeare iitwayo The Tempest yumo Caliban, mwenyeji wa kisiwa aliyefanywa mtumwa na mgeni mwenye uchawi, naye anaelezwa kama nusu mnyama. Mwaka 1969 Aimé Césaire, mshairi wa Martinique, aliiandika upya tamthilia hiyo kwa Kifaransa. Hakubuni wahusika wakuu wapya. Aliwachukua wale wale, mahali pale pale. Lakini alimchambua Caliban, akauliza ananyimwa nini. Na Caliban wa Césaire anapoingia jukwaani, neno la kwanza analolitamka ni la Kiswahili: uhuru.

Tuliweke jambo hili pamoja na Kijuju. Mara mbili Kiswahili kimetiwa katika kinywa cha kiumbe ambaye wengine wanamwona zimwi. Mwaka 1969 kilitiwa na mtu ambaye hakuwa msemaji wetu, aliyeketi mbali na Afrika, naye alikitia ili mtumwa adai haki yake. Mwaka 2009 kilitiwa ili mchezaji ajue mahali pa kuelekeza bunduki. Lugha ni ile ile. Tofauti ilifanywa na mwandishi mmoja aliyemchukua mhusika wa mwingine na kukataa kumpokea kama alivyopewa. Ikiwa Césaire aliweza kutufanyia hivyo, ni aibu gani kwa msemaji wa Kiswahili kushindwa kujifanyia mwenyewe?

VII. Hoja mbili za wapinzani

Hoja ya kwanza husema: vijana waachane na wahusika wa kigeni, watunge wao wenyewe. Lengo la hoja hii ni jema, nasi tunalikubali. Michezo inayobuniwa na Waafrika imekwisha kuanza. Mathalan, mwaka 2016 kampuni ya Kiro'o Games ya Kameruni ilitoa mchezo wake juu ya Aurion, uliosimama juu ya hadithi na mila za Kiafrika. Tena wahusika wa kampuni ni mali ya kampuni kwa sheria za hakimiliki, na mwandishi wa hadithi za mashabiki hawezi kuziuza apendavyo. Hadithi hizi, basi, ni karakana. Duka litafunguliwa kwingine. Lakini fundi hapatikani pasipo karakana. Kijana ambaye hajajifunza kuuliza kwa nini Sheva amefanywa bapa, atakapopewa nafasi ya kumwumba Sheva wake ataumba bapa mwingine, tofauti ikiwa jina tu.

Hoja ya pili husema: michezo hii haituhusu, tuipuuze. Tungeipuuza kama nayo ingetupuuza. Imeichukua lugha yetu bila kuomba, na vijana wetu wanaicheza majumbani na katika vibanda vya mitaani, watake walimu wasitake. Mwalimu anayeifungia mlango haizuii kuingia. Anachozuia ni uchambuzi kuingia pamoja nayo.

VIII. Wajibu wetu

Kwa walimu, ushauri wetu ni huu. Mwanafunzi akikutwa na daftari la hadithi ya mchezo, asinyang'anywe, apewe kazi. Aandike kurasa mbili, moja ikieleza mhusika wake ameruhusiwa kutenda nini, ya pili ameonyimwa nini. Kisha amchague mhusika mmoja asiye na jina katika mchezo huo huo, ampe jina, mahali alipozaliwa, na jambo moja alitakalo. Kazi hiyo itamfundisha uhusika, mgogoro na mtazamo wa msimuliaji kwa namna ambayo ufafanuzi wa ubaoni peke yake hauwezi.

Kwa vijana, ushauri ni mfupi zaidi. Wapendeni wahusika wenu, lakini wapendeni kwa macho yaliyo wazi. Kabla hamjamwandikia shujaa ushindi mwingine, wasikilizeni wale anaowashinda. Katika Kijuju mnayo bahati ambayo mchezaji wa Chicago na wa Osaka hawana: mnaielewa lugha yao. Basi waulizeni lile swali ambalo hata fundi wa pepo humwuliza jini: wewe ni nani, na wataka nini? Jibu lake liandikeni kwa Kiswahili.